Asali ya Mti wa Uani

Nina mwandiko mzuri, na ndio ulioniponza. Nilimaliza sekondari Bujumbura kwa walimu waliokuwa wakipima herufi zetu kwa rula, na nilipofika Johannesburg mwaka 2015 huo ndio mzigo pekee niliouvusha mipaka yote bila askari kuniuliza. Nyumba niliyopanga Bellevue ni ya zamani, imegawanywa kwa mbao ikawa vyumba sita, na katika vyumba vyote hivyo hapakuwa na mtu aliyepata fomu asiyeniletea. Fomu za shule za watoto wa Kikongo, fomu za kliniki, barua ya Mtanzania wa chumba cha mbele ya kumwomba mwenye nyumba azibe dari linalovuja. Nilikuwa nasimamisha cherehani, nanawa mikono, naandika. Watu walikuwa wakisimama nyuma yangu kutazama tu, kama wanaotazama mpira.

Zaidi ya hapo sina sifa. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu tuliokuja pamoja wameona bahari ya Durban na milima ya Cape Town. Mimi nimeona njia ya kwenda Mayfair kuswali Ijumaa na njia ya kurudi. Cherehani yangu iko dirishani, kitanda kiko hatua tatu nyuma yake. Mke wangu alikuwa akisema siku nikifa hawatahangaika kunitafuta, watafuata pale mlio wa cherehani ulipokomea.

Tulioana Mayfair mwaka 2016. Sheikh, mashahidi wawili, tende, na mimi katika kanzu niliyojishonea mwenyewe, yenye mikono mipana kupita kiasi kwa sababu kitambaa kilibaki na sikutaka kukitupa. Yeye alikuwa msusi, kiti chake kiko katika saluni ya Wakongo juu kidogo ya barabara yetu. Alikuja na mama yake, na mama yake akapata chumba kilichopakana na chetu, ukuta wa mbao katikati.

Sisi watu wa kwetu, mkwe na mama mkwe hawataniani, hawali sahani moja, wala hawatazamani usoni. Ni rahisi kufuata hayo ukiwa na uwanja na nyumba mbili. Katika nyumba yenye korido moja na jiko moja la pamoja, tuliokoa heshima yetu kwa kukohoa. Kikohozi kimoja maana yake nipo hapa. Viwili maana yake napita, geuza uso. Hakuna aliyetufundisha, ilijitokeza tu. Baadaye ugonjwa wa sukari ulipoanza kumla macho mama, ikawa hanioni hata nikisimama mbele yake, lakini bado alikohoa na mimi bado niligeuza uso. Mke wangu alisema nyumba yetu inasikika kama wodi ya kifua kikuu.

Sasa fomu. Kaka yake mke wangu alikuwa Kanada miaka mingi, na mwaka huohuo wa ndoa yetu alipata njia ya kuwaombea mama na dada yake wahamie kule. Dosiye, ndivyo tulivyoiita, yaani lile faili zima. Alitupigia simu, tukamweka kwenye spika juu ya meza ya kukatia nguo.

"Shemeji, nisikilize vizuri. Dosiye ya mtu na mama yake inakimbia. Ukitia mume, wataanza na mume. Kazaliwa wapi, alikuwa nani, alishika bunduki au hakushika. Mwaka, miaka miwili. Acha watangulie, dada akifika atakuita."

"Bunduki," mke wangu akasema. Alikuwa anamenya viazi. "Huyu akishika sindano vibaya analala siku mbili."

"Basi tumekubaliana?" shemeji akauliza.

Nikasema tumekubaliana. Nilisema haraka, kwa sauti ya mtu mwenye akili. Halafu nikanawa mikono, nikavuta kiti, nikaandika jina la mama mkwe na jina la mke wangu kwa herufi ambazo walimu wangu wangezilia. Nilipofika pale wanapouliza kama ameolewa, nikamtazama.

"Kwa hiyo mimi si mke wa mtu?"

"Kwenye karatasi tu."

"Basi kuanzia leo jipikie mwenyewe, kijana. Usinizoee."

Nikaweka alama kwenye kisanduku cha asiyeolewa. Niliichora vizuri mno, mkia wake umepinda juu kama wa jogoo. Cheti cha msikitini nikakirudisha kwenye sanduku chini ya kitanda, katikati ya mashuka.

Barua ilikuja Juni 2018. Mama na binti yake wamekubaliwa, watasafiri Agosti. Kwa siku tatu tulifurahi kama watu wote. Mke wangu aliimba saluni, na ndipo mteja mmoja, mama wa Bukavu aliyekuwa akisukwa, akamuuliza:

"Na mume wako, ulimwandika?"

"Hapana, atafuata."

Yule mama akageuka na nusu ya nywele zake hewani. Mume wa mdogo wake aliachwa Pretoria hivyohivyo, akasema. Kule, mtu ambaye hukumtaja kabla hujakanyaga nchi yao, huwezi kumwita baadaye kuwa ni wako. Umemficha, basi hayupo. Hayupo leo wala kesho.

Hatukumwamini. Nilitoka nyumbani siku ya Jumanne, jambo ambalo lilimshangaza hata mwenye duka la kona, tukapanda teksi hadi mjini kwa mwanasheria anayesaidia wakimbizi bila malipo. Alikuwa dada mdogo, mwenye miwani mikubwa. Alisoma nakala ya dosiye yetu, akasifu mwandiko. Kisha akasema maneno yaleyale ya mama wa Bukavu, kwa utaratibu zaidi. Kuna njia mbili. Mke wangu aseme ukweli sasa, safari isimame, na huenda dosiye nzima ikafa kwa sababu ya uongo ule wa kwanza, ya mama ikiwa humo humo. Au asafiri kama alivyoandikwa, na abaki hivyo.

"Mama anaweza kwenda peke yake?" nikauliza.

Mke wangu alijibu kabla yake. "Mama hawezi kwenda chooni peke yake."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akiona mwanga na vivuli, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichofunga. Shemeji alishapata daktari wa macho kule anayemsubiri, alisema jicho moja bado linaweza kuokolewa likiwahiwa.

Mwanasheria akasema pole. Tukarudi Bellevue, tukasimama kuvuka kwenye roboti, ndivyo wanavyoita huku taa za barabarani, taa ikawa kijani, bado tumesimama, mpaka mwenye gari akapiga honi.

Baada ya hapo hatukulizungumza. Ungefikiri watu waliooana, wana majuma sita yamebaki, wangekaa usiku na mchana wanalizungumza. Sisi tulizungumza kuhusu masanduku, sweta, na kama chumvi ya kule ni kama ya huku.

Kulikuwa na chupa. Shemeji aliituma mwaka mmoja kabla kwa mtu aliyekuwa anakuja huku, chupa ya kioo yenye kijisikio shingoni na jani jekundu limechorwa tumboni, jani la bendera yao. Ndani mlikuwa na kile kitu wanachopika kutokana na maji ya mti. Shemeji anaita siro, kwa Kifaransa chake. Mimi niliiita asali ya mti. Tuliimaliza kwa chapati Jumapili mbili. Mama haruhusiwi vitu vitamu, kwa hiyo alipewa kifuniko anuse, akakaa nacho puani muda mrefu kuliko sisi tuliokula. Chupa tukaiosha tukatilia mafuta ya kupikia, na mafuta yalipokwisha ikabaki dirishani.

Jumapili moja mwishoni mwa Juni tulikuwa uani tunaanika nguo. Katikati ya ua kuna mti mkubwa uliopandwa na watu wa zamani, gome lake linabanduka mabakamabaka kama rangi ya ukuta mkuukuu. Wakati huo ulikuwa umepukutika, majani yake yote chini. Nikaokota moja kulitoa kwenye shuka, nikalitazama, nikaingia ndani nikatoka na chupa. Nikaweka jani juu ya jani. Vidole vitano kwa vitano.

"Mke wangu, njoo uone. Kanada iko uani kwetu."

"Hiyo ninayoifagia kila asubuhi?"

"Ndiyo hiyo. Tumekaa chini yake miaka miwili tunasubiri barua."

Alilichukua jani, akaligeuza. Alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa. "Fundi," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita alipotaka kunichokoza, "ukiijaza chupa hii kwa mti huu, mimi siendi popote."

Alicheka. Nami nikacheka. Halafu tukaacha kucheka, karibu kwa pamoja, akarudisha vibanio mdomoni na mimi nikamshikia shuka upande wa pili. Nilijua ni mzaha. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa seremala wa nyumba ya jirani nikaazima keekee.

Shemeji alishatueleza zamani jinsi wanavyofanya: baridi ya kugandisha usiku, jua mchana, hapo ndipo mti unapotoa maji. Johannesburg Julai ina vyote viwili. Asubuhi karai la uani lilikuwa na barafu juu, mchana nilivua sweta. Nikatoboa mti matundu matatu, nikachomeka vipande vya mrija, nikatundika ndoo za rangi nilizosugua kwa mchanga. Nikakaa kwenye kreti nikasubiri. Tone la kwanza lilipodondoka nilijihisi mkulima, mimi ambaye mchicha wangu wa kwenye kopo ulikufa kwa kumwagiliwa.

Maji yalikuwa meupe, ya kawaida kabisa. Nikaonja. Yalikuwa kama maji yaliyosikia habari za sukari kwa mbali.

Kila siku nilikusanya. Mke wangu akirudi kazini alichungulia ndoo, akasema, "Fundi, umekuwa ng'ombe au umekuwa mkamuaji?" Hakuniambia niache. Mama alikuwa akikaa mlangoni kwake kupata jua, mguu umewekwa juu ya kigoda, anasikiliza matone. Siku moja alikohoa mara moja, akauliza hewani, bila kuelekeza kwa mtu, kama sisi wakwe tunavyoulizana.

"Hiki kinachodondoka ni nini?"

Nikageuza uso, nikaijibu hewa. "Ni maji ya mti, mama."

"Ya kazi gani?"

Mke wangu akamjibu kutoka jikoni, akamweleza kila kitu, pamoja na ahadi yake ya chupa, kwa kicheko kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mama hakucheka. Akasema tu, "Aa."

Juma la pili shemeji alipiga simu ya video kuzungumza kuhusu tiketi. Mimi kwa kiburi nikaipeleka simu uani kumwonyesha kiwanda. Akatazama. Akasema sogea karibu. Akasema inua juu, hivyo vinavyoning'inia ni nini.

"Vitufe vyake. Vinakaa hivyo mwaka mzima, vikipasuka vina manyoya, vinamkohoza mama."

"Shemeji," akasema, "ule mti wa huku hauna vitufe. Mbegu zake zina mabawa, zinaanguka zikizunguka. Huo ni mti wa barabarani tu. Hata hapa upo, wanaupanda mbwa wapate pa kukojolea."

Alicheka mpaka akaondoka kwenye kioo, nikabaki natazama dari lake la Kanada. Mke wangu alicheka pia, akajifuta macho kwa aproni. Kwa dakika moja ilikuwa kama zamani.

"Sasa utaacha?" akaniuliza simu ilipokatika.

"Mti una jani lilelile."

"Na mimi nina pua kama ya malkia. Nimekuwa malkia?"

"Mti ni mti," nikasema. "Sukari itakuwemo."

Akanitazama kidogo, halafu akasema, "Chupa haijasema mti gani," akaingia ndani. Mpaka leo sijui alisema vile kwa kunihurumia au kwa lingine. Nilichukulia kama ruhusa.

Nilipika siku mbili. Jiko la ndani lisingevumilia, na wapangaji wengine wangeniua, kwa hiyo nilipanga matofali uani, nikachoma mbao za paleti, nikateleka sufuria kubwa nililoazima kwa kina mama wa Mayfair wanaopika pilau za misiba. Moshi uliingia kwenye nywele za wateja wawili waliokuja kusukwa nyumbani. Niliongeza maji ya ndoo moja baada ya nyingine, yakaingia na kupotelea hewani, na nilikaa pale nikiwa nalia kwa moshi, nikashukuru kwamba ni moshi. Siku ya pili jioni sufuria lililokuwa limejaa hadi masikioni lilikuwa na kimiminika cha rangi ya chai kilichofunika kitako tu. Nikakihamishia sufuria ndogo. Kikawa kinachemka kwa mapovu mazito, kinanuka kitu kama siagi na ubao. Nilichovya kijiko nikakiinua: mwanzoni kilidondoka matone, baadaye kikaning'inia kama pazia ukingoni mwa kijiko. Shemeji, kwa simu, akasema hapo ndipo.

Ijumaa asubuhi nilichuja. Kila mtu aliyewahi kupika kitu kile anajua kinabaki na mchanga, si wa ardhini, ni wa mti wenyewe, unaokwaruza ulimi. Nilijaribu bitana, ikavuja. Nilijaribu gunia la unga, likaacha nyuzi. Mimi ni fundi, nimezungukwa na vitambaa, na hakuna hata kimoja kilichofaa, mpaka nilipofungua sanduku chini ya kitanda kutafuta shuka la zamani nikakuta kanzu ya ndoa. Pamba nzito, ufumo wa karibu, na ile mikono mipana. Nikafumua mkono wa kulia kwenye mshono, sikukata, nikaufunga kwa uzi upande wa kiganja. Ukawa mfuko.

Mke wangu alikuwa anavaa viatu kwenda kazini. Akaniona.

"Hiyo ni nini?"

"Nitaurudishia. Nimefumua mshono tu."

Alikuja akanishikia. Nililowesha mkono ule kwa maji ya moto kwanza, usije ukanywa asali yote wenyewe, na yeye akauinua kwa mikono miwili juu ya birika huku mimi namimina. Kikiwa cha moto kinapita. Kikipoa kinagoma, kwa hiyo nilirudisha jikoni mara tatu. Rangi ya chai ilipanda kwenye kitambaa cheupe taratibu mpaka karibu na bega. Tulisimama karibu sana, pua zetu zinavuja kwa mvuke. Aliposema, "Imekwisha," aliukamua kwa nguvu ya msusi, ikatoka kidogo zaidi.

Niliichemsha chupa ndani ya maji isipasuke, nikaikausha, nikatia asali ingali inafuka. Tukainama wote wawili kutazama. Ilifika kwenye kikonyo cha lile jani jekundu. Vidole vitatu, labda. Juu yake jani zima likawa tupu, na juu ya jani bega la chupa, na shingo.

Kule wanafunga kifuniko halafu wanalaza chupa, ili asali ya moto iue vijidudu vya kifunikoni. Nikailaza. Haikufika hata shingoni.

"Umejitahidi," mke wangu akasema. Akachukua mkoba wake akaenda kazini. Mimi nikaiinua chupa nikaiweka dirishani, nikatia kufuli chumbani kama kawaida, ufunguo nikautundika kwenye msumari wa jikoni, nikaenda Mayfair kuswali. Sikumbuki hotuba ilihusu nini.

Niliporudi saa tisa, chupa ilikuwa imejaa.

Imejaa hadi shingoni, kahawia nzito, imefungwa kifuniko, imesimama palepale dirishani, jua linapita ndani yake. Nilikaa kitandani bila kuvua viatu. Wa kujua ufunguo ulipo walikuwa watu wa nyumbani, na wa kujua ahadi ile alikuwa mmoja, nikafikiri. Amerudi mchana saluni ilipotulia. Amepika sukari, amejaza. Amechagua, na kwa kuwa ni yeye, ameona haya kusema kwa mdomo, amesema kwa chupa.

Sina haja ya kueleza alasiri ile. Nilishona suruali tatu. Nilipanga maneno ya kumwambia mwanasheria. Nilifikiri hata jinsi nitakavyomtafutia mama daktari wa macho hapahapa, mimi nisiyevuka barabara, nilijiona nimempakia kwenye teksi, nimemshika mkono, naulizia njia. Niliimba, na mpangaji wa chumba cha mbele akagonga ukuta.

Alirudi saa kumi na mbili. Akaiona chupa kabla hajaniona mimi. Akaifungua, akatia kidole, akaonja.

"Fundi," akasema polepole, "umeongeza sukari."

Nilikuwa natabasamu. "Si mimi. Ni wewe."

"Mimi nimesuka vichwa vinne tangu asubuhi. Sijanyanyuka."

Tukatazamana. Akaonja tena. "Hii ni sukari ya kuunguza," akasema. "Imetiwa iliki moja." Halafu akaitua chupa, na najua kwa nini. Kuna mtu mmoja tu nyumbani kwao aliyekuwa akiunguza sukari na kuitia iliki, zamani, kabla sukari haijageuka ugonjwa.

Akatoka kwenye korido, nikamfuata. Kwenye ukuta wa mbao, kuanzia mlango wa jikoni, kulikuwa na alama za vidole zinazong'aa. Ziko usawa wa kiuno, mahali anapopapasa mtu asiyeona. Zilitoka jikoni zikaja mpaka mlango wetu, zikaondoka mlangoni kwetu zikaenda mpaka mlango wa mama. Mke wangu aligusa moja, kidole kikanata. Upande wa pili wa mlango ule kukasikika kikohozi kimoja.

Kwa desturi yetu mimi singeweza kumwuliza. Yeye angeweza, ni mama yake. Alisimama mbele ya ule mlango, mkono umeshainuliwa kugonga, akaushusha. Akarudi chumbani, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani.

"Ameunguza sukari kwa moto wa gesi," akasema, "haoni. Angejimwagia." Kisha akasema, "Anataka nibaki, yeye akae hapa apofuke."

Nilimwambia tunaweza kutafuta daktari. Nilimwambia nitampakia kwenye teksi. Nilisema yote niliyopanga nikiwa nashona zile suruali, na nikisema niliyasikia jinsi yalivyo.

"Kama asingefanya hivi," akasema, "labda." Hakumaliza. "Sasa nitamwacha vipi?"

Walisafiri Agosti, kama barua ilivyosema. Niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Ni safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya nchini humu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kitambulisho kifuani aliyekuwa akikusanya wasafiri wa kundi lile, anahakikisha majina. Alipofika kwetu alisoma, akatazama mama kwenye kiti cha magurudumu, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi niliyeshika sweta zao.

"Na huyu?"

Mke wangu akanitazama. Nilitikisa kichwa kidogo, naye akaelewa.

"Ni fundi wetu wa nguo," akasema.

Yule bibi akanishukuru kwa kuwasaidia mizigo.

Ule mkono wa kanzu niliurudishia. Nilifua mara tano, nikaanika kwenye mti uleule, rangi haikutoka. Naivaa Ijumaa, mkono mmoja mweupe, mmoja rangi ya chai kuanzia kiganjani hadi karibu na bega. Mayfair mtu akiniuliza namwambia nilimwagikiwa. Wengi hawaulizi.

Mwaka 2019 mke wangu alikuwa akipiga simu kila juma, baadaye kila juma la pili. Jicho moja la mama liliokolewa. Mke wangu anafanya kazi ya kusafisha, saluni za kule zinataka vyeti. Shemeji, ambaye siku hizi hacheki sana nami, aliniambia kwa kunitayarisha kwamba kuna watu wameshakuja kuuliza habari za dada yake, watu wazuri, wanaomwona hana mume. Wanamwona kama alivyoandikwa. Hajaniomba talaka. Nami sijamwuliza kama ataomba, na kila simu inapolia nanawa mikono kwanza.

Mwezi wa sita ililia, nikapokea, kimya. Kisha kikohozi kimoja.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimegeuza uso ukutani, kana kwamba ananiona.

"Marahaba. Ile chupa bado ipo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja. Nikatazama dirishani. "Ipo, mama. Sijaifungua."

"Usiinywe, baba. Ina sukari nyingi."

Nikasema sawa. Nilisikia sahani zinagongana nyuma yake, na mtu anatembea, mwendo ninaoujua, na nikasubiri labda atamwita, labda atampa simu. Halafu mama akakohoa mara mbili.